Ombi la Kuuhamisha Mji wa Mombasa

Kwenu Waheshimiwa Mnaoamua Treni Iishie Wapi,

YAH: KUUHAMISHIA MIRITINI MJI WA MOMBASA



Mimi ni jirani yenu wa Tanga. Sina kura kwenu wala mbunge wa kumlilia, na adabu ya mgeni naijua: huandaliwa, hula, husifu. Basi nianze kwa kusifu. Treni yenu ni safi. Inakwenda mpaka kilomita 120 kwa saa, inalikata pori la Tsavo huku tembo wakipita chini ya tuta kwenye vivuko walivyojengewa, na kutoka Nairobi mpaka Mombasa inachukua saa tano, sita hivi. Hata daraja la kawaida, ambako abiria huketi wima muda wote huo akigusana magoti na mtu asiyemjua, lina faida yake. Safari ya namna hiyo ikiisha, watu hao wawili ama wamegombana ama wameshachumbiana.

Ninachokuja kusema mnakijua, kwa hiyo nitakisema haraka. Treni inaanzia Syokimau na kuishia Miritini. Syokimau ni kilomita kama 20 kutoka katikati ya Nairobi. Miritini iko bara, na anayekwenda Mombasa hajaifika Mombasa mpaka avuke Changamwe na Makupa. Hilo la miji tungelimeza, maana ardhi ya mjini ni ghali na sisi ni watu wa kumeza. Kinachokwama kooni ni viwanja vya ndege. Uwanja wa Jomo Kenyatta ni jirani wa Syokimau; umesimama stesheni na sanduku lako, unaziona ndege zikishuka. Uwanja wa Moi uko Port Reitz, jirani wa Miritini. Yaani reli mmeipitisha ubavuni mwa viwanja viwili vya kimataifa, kimoja kila ncha, na hamkuiingiza hata katika kimoja. Kukosea kimoja ni bahati mbaya. Kukosea vyote viwili kunataka kikao.

Katika ukoo wetu uliotapakaa Tanga, Mombasa na Maskati, mimi ndiye niliyebebeshwa kazi ya kupanga safari za watu, kwa kosa la kuwa na kalamu. Chukueni abiria wa kawaida kabisa: mama mtu mzima, katua Jomo Kenyatta saa 12 asubuhi akitokea Maskati, anakwenda harusini Kibokoni. Treni ya asubuhi huondoka saa 2. Kwenye karatasi ana saa mbili nzima za kuvuka kipande ambacho kunguru hukivuka bila kukatiza mazungumzo. Sasa toa foleni ya pasipoti. Toa mkanda wa mizigo, ambao siku zote huleta masanduku ya wengine kwanza. Toa mapatano na dereva wa teksi, ambaye akisikia Kiswahili cha Maskati hupandisha bei, na akisikia cha Tanga huipandisha tena kwa kuwa amejua tutabishana. Toa magari ya Barabara ya Mombasa. Toa lile gwaride la mizigo la pale stesheni, masanduku yamepangwa chini mstari mmoja, wenyewe wamesogezwa kando kama mashahidi, mbwa anapita kunusa kanzu za harusi na halua ya Maskati. Kisha mashine, kisha kitambulisho, kisha mashine tena. Ukishatoa vyote hivyo, kinachobaki ni mama amesimama nje ya geti lililofungwa. Treni inayofuata ni ya saa 9 alasiri. Itamshusha Miritini saa 2 na kitu usiku, na hapo ndipo safari ya kwenda Mombasa inaanza. Harusi za kwetu huchelewa, nakiri, lakini hatujawahi kuichelewesha moja kwa heshima ya reli.

Wenye kujua watasema: kwa nini asipande ndege nyingine hapo hapo, afike Mombasa kwa saa moja? Waheshimiwa, hivyo ndivyo anavyofanya. Wengi ndivyo wanavyofanya. Reli iliyojengwa kwa zaidi ya shilingi bilioni 300, nyingi zikiwa mkopo wa Benki ya Exim ya China, inashindwa kumchukua mtu aliyeko uwanja wa jirani.

Kontena halifanyiwi hivi. Kontena likishuka melini Kilindini, reli iko pale pale bandarini inalingoja. Linapakiwa, linasafiri, linateremshwa bohari ya Embakasi, ndani ya Nairobi, upande ule ule wa uwanja wa ndege, bila kubadilisha gari, bila kushikwa mkono na makanga wawili wanaolivuta huku na huku. Tangu mwanzo wa 2018 makontena yanasafiri kwa raha hiyo. Kwa hiyo msituambie kwamba haikuwezekana. Mliweza. Mlikaa mezani mkapiga hesabu za kona na miinuko mpaka mkaifikisha reli gatini, kwa ajili ya bati lililojaa vigae vya chooni. Zamu ya mtu ilipofika mkasema mtu ana miguu. Mtu atajijua. Mtu mmempandishia nauli Januari 2024, daraja la kawaida kutoka 1,000 hadi 1,500 na la kwanza kutoka 3,000 hadi 4,500, halafu mkamwacha alipe teksi za ncha zote mbili, ambazo zikijumlishwa aghalabu huipita hiyo nauli ya daraja la kawaida. Hata magari yamekumbukwa: mwaka 2022 ikafunguliwa barabara ya juu ya kulipia, kilomita 27 kutoka Mlolongo mpaka Westlands, ina mlango wake wa uwanja wa ndege na mlango wake wa stesheni. Lami imefika kotekote. Bati limefika. Aliyebaki nje na sanduku kichwani ni mwananchi mwenye tiketi.

Samahanini. Nimepandisha sauti ugenini. Turudi kwenye ombi.

Najua stesheni haihamishiki. Reli pana haipendi kona, na habari za fidia sitaki hata kuzigusa. Fidia ya ardhi ya reli hii iliwafikisha wakubwa mahakamani mwaka 2018, itakuwa ukatili kuwarudisha huko. Kwa hiyo siombi stesheni iufuate mji. Naomba mji uifuate stesheni. Historia iko upande wangu. Mwaka 1899 reli ya Waingereza ilifika kwenye kinamasi kisichokuwa na mji, ikasimama kupumua kabla ya kuingia Bonde la Ufa, na mji ukaja wenyewe ukajipanga kando yake. Ndiyo Nairobi hiyo mnayokalia. Reli iliyoweza kuzaa mji itashindwaje kuuvuta mwingine ambao tayari upo, tena wenye watu waliozoea kuhama nyumba kila kodi inapopanda?

Mpango nimeuandaa. Tutaanza na Fort Jesus. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, bila tingatinga na bila Benki ya Exim, kwa hiyo mkandarasi wa leo hana udhuru. Kila jiwe la matumbawe liandikwe namba kwa chaki, lipakiwe, lipangwe upya kuizunguka stesheni, na mizinga ielekezwe maegesho ya teksi. Zile Pembe za Ndovu za Moi Avenue ni kazi ndogo: ni za aluminiamu, hamali kadhaa na mikokoteni yao wanatosha. Zisimikwe mlango wa kutokea, ili abiria akishuka apite chini yake na apige picha ya kuthibitisha kwamba hatimaye yuko Mombasa.

Mji wa Kale utataka uangalifu. Milango ya nakshi ifungwe kwa majamvi. Vibaraza visivunjwe; vikatwe vizima, wazee wakiwa juu yake, ili mazungumzo yaliyoanza baada ya Laasiri yasikatike njiani, maana mzee akishanyanyuliwa kibarazani hakuna fidia itakayomkalisha tena. Muuza kahawa atembee mbele ya msafara na dele lake, akigonganisha vikombe watu wapishe. Marikiti ije na harufu zake zote, iliki na bizari na papa mkavu, isitenganishwe. Misikiti itangoja maimamu waafikiane, na kwa jinsi tunavyowajua kwenye mwezi mwandamo, hilo lipewe muda wa kutosha. Mibuyu ya Mama Ngina ina wenyewe; tutawaomba kwa ubani na marashi, wakikataa tusilazimishe, isije ikawa sisi ndio tuliowaleta stesheni. Feri ya Likoni itapewa magurudumu. Abiria wake wamezoea kusimama humo wamebanana, jua likiwachoma, bila kujua itaondoka lini. Hawatatambua kwamba chini hakuna maji mpaka wafike ng'ambo.

Bahari yenyewe nilikuwa nimeiweka Awamu ya 2A. Kisha nikakumbuka kwamba Awamu ya 2A ya reli yenu, ile iliyozinduliwa Oktoba 2019 ikielekea Uganda, iliishia Suswa. Basi bahari ipakiwe mwanzo kabisa, siku moja na wauza mahamri na mbaazi. Hao ni wa dharura. Treni ya saa 4 usiku huingia Miritini saa 9 na kitu za usiku, saa ambayo binadamu anahitaji chai na mtu wa kumwambia pole, na anaowakuta macho ni madereva wa teksi tu.

Maombi mengine ni madogo, nayataja nikiwa nimeshaaga. Hiyo treni ya usiku ichelewe makusudi mpaka alfajiri. Mkiweza kuichelewesha bila kukusudia, hili halitawashinda. Mbwa wa kunusa afundishwe kunusa pia muda uliobaki. Mpaka wa Malaba usogezwe Suswa, maana reli imeshachoka. Tiketi zikatwe hata kwa mgeni asiye na laini ya simu ya nchi, kwa ile teknolojia ya kale ya kupokea noti mkononi. Na pale stesheni liwekwe bango moja, dogo tu, lenye mshale wa uwanja wa ndege, ili tujue ni upande gani tunaoelekea kwa hasira.

Msiniambie nitazame kwetu. Nimetazama. Dar stesheni mpya iko mjini, hilo tumelipata. Lakini ukitoka Uwanja wa Julius Nyerere bado Barabara ya Nyerere inakungoja na foleni yake, wala hakuna behewa lililokuja kukupokea mlangoni. Barua ya hao naiandika baada ya hii.

Wala msinitajie ubaya wa treni ya zamani. Treni ya reli nyembamba, iliyobeba abiria wake wa mwisho kati ya Nairobi na Mombasa Aprili 2017, ilikuwa na kila ila mnayoijua. Iliondoka ikipenda na kufika ikikumbuka. Feni haikuzunguka, choo hakikusemeka. Lakini ilichelewa ikielekea mjini. Ulikuwa ukishuka kisiwani, ukitoka mlangoni umefika, na mwanamke mwenye mkeka, kuku na debe la samli alijiendea kwao Majengo bila kumpigia mtu simu aje na gari. Waliochora njia ile walikuwa wakoloni, wameijenga kwa manufaa yao, na hata hao waliona kwamba stesheni ya mji iwe mjini. Ninyi mlichaguliwa. Mlipanda majukwaani mkasema hii ni reli ya mwananchi, mkaipa jina la Siku ya Madaraka, mkakata utepe, mkapanda, na mlipofika Syokimau magari yenu yalikuwa yameshapangwa nje injini zikinguruma. Hiyo ndiyo sababu hamjui. Hamjawahi kushuka pale mkiwa na sanduku.

Nasikia habari za kufufua ile reli ya zamani mpaka mjini. Nimezisikia kwa furaha ya mtu aliyeahidiwa mengi. Ikiwa kuuhamisha mji kutawawia vigumu mwaka huu wa fedha, ninalo ombi la akiba, nalo si la mzaha. Tupeni tiketi moja. Mtu akate Maskati, au Dar, au Kisumu, tiketi inayomtoa mlango wa uwanja wa ndege mpaka katikati ya mji anaokwenda, kwa behewa au kwa basi lenu wenyewe, na muda wa treni upangwe na mtu aliyeangalia ndege zinatua saa ngapi. Ndege ikichelewa, tiketi isife. Haitaki mkopo wala kuhamisha jiwe lolote. Inataka wasimamizi wa reli na wasimamizi wa viwanja wakae chumba kimoja asubuhi moja, na kama nauli ya kufika kwenye kikao ndiyo tatizo, sisi tunaolipa teksi kila siku tutawachangia.

Ni mimi, jirani yenu,
Mpanga safari za ukoo, Tanga.

Nakala kwa wasomaji: mkishuka Miritini usiku, bei ya kwanza ya teksi msiikubali. Ya pili pia.