Cheti cha Mei Mosi Apewe Nzi

Kila Mei Mosi halmashauri zetu huchagua wafanyakazi hodari. Huitwa mbele mmoja mmoja, wakapigiwa makofi, wakapewa cheti na bahasha, wakapiga picha na mgeni rasmi. Mimi mkazi wa Chiola, Nachingwea, nina jina la kupeleka upande wa afya ya mazingira. Ni mtumishi asiye na mshahara, posho wala kitambulisho cha NIDA, lakini hakuna nyumba asiyoikagua, iwe ya barabarani au ile iliyojificha ndani ya mikorosho. Nampendekeza nzi.

Najua kuna watakaonuna. Watauliza, na bwana afya je? Bwana afya namheshimu. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 imempa meno: aingie uani, achungulie choo, aandike notisi. Lakini naye ni binadamu. Anahitaji pikipiki, pikipiki inahitaji mafuta, mafuta yanahitaji saini, na saini inahitaji mtu awepo ofisini. Halafu akija, huja mchana na kwa taarifa. Mtendaji katangaza tangu jana, choo kimefagiwa, majivu yamemwagwa, sabuni bado imo kwenye karatasi yake. Nzi hatoi taarifa. Anaanza kazi jua likichomoza, na akitoka chooni huenda moja kwa moja mezani. Ni nani mwingine anayefuatilia jambo mpaka mwisho wake namna hiyo?

Tuangalie sifa zake za kazi. Nzi huonja kwa miguu. Akitua tu juu ya chapati, keshajua ina nini. Meno hana, kwa hiyo hutema mate juu ya chakula, kikalainika, ndipo akafyonza. Wenye roho mbaya huuita huo uchafu. Mimi nauita ukarimu, maana kila anapokula hutuachia kidogo cha kule alikotoka. Mama lishe hutakiwa kupima afya mara kwa mara na cheti chake kionekane. Nzi anagusa sahani zote kabla ya mteja, na hajawahi kuulizwa cheti.

Idara nyingi zinalia upungufu wa watumishi. Ya nzi haijui kilio hicho. Nzi jike hutaga mayai zaidi ya 100 kwa mkupuo mmoja. Kwa joto letu huanguliwa ndani ya siku moja, na baada ya siku 7 hadi 10 buu wa juzi ni mkaguzi kamili, tena bila semina elekezi. Kibali cha ajira zake hakitoki Utumishi. Tunakitoa wenyewe, kwa tundu la choo lililo wazi na jalala lililo nyuma ya jiko.

Anaye pia ndugu yake, bingwa wa macho. Huyu shimo la choo halimfai, huzaliana kwenye kinyesi kilichoachwa peupe, pale tunapomkalisha mtoto nyuma ya nyumba tukasema, "Mtoto mdogo tu, haina neno." Kutoka hapo huenda kwenye tongotongo za mtoto huyohuyo, kisha za mwenzake, amebeba trakoma. Mtoto hukua akiugua na kupona, akiugua na kupona, mpaka uzeeni kope zinageukia ndani na kukwaruza jicho kila anapopepesa. Bibi anang'oa kope kwa kibano na kulalamikia vumbi. Timu za upasuaji wa vikope zimefika mpaka huku Lindi na Mtwara. Katika kuwaitia kazi madaktari hao, nzi ana mchango wake, na sijasikia akitajwa kwenye risala.

Uzalendo wake nao hauna shaka. Waingereza walikuja Nachingwea mwishoni mwa miaka ya 1940 na matrekta yao kulima karanga. Kufika 1951 mradi ulikuwa umekufa, na baadaye hata reli ya kwenda Mtwara ikang'olewa. Nzi alikuwepo kabla yao na akabaki baada yao. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni 2 nchi nzima walikaa kwenye vikundi kuzunguka redio, wakasoma habari za malaria, kichocho na kuhara, kisha wakashika majembe wakachimba vyoo. Hapo nzi aliyumba kidogo. Tarehe 9 Desemba 2015, kipindupindu kikiwa kimepamba moto, Rais Magufuli alikuwa amefuta sherehe za Uhuru na taifa likashika mafagio. Nzi akachukua likizo ya siku moja. Mwaka 2017 ikaja kampeni ya Nyumba ni Choo. Tukaitikia, tukajenga.

Lakini tulimjengea nani? Nawajua wenzangu, nami nimo. Kuna choo cha kutumia na kuna choo cha bwana afya. Hiki cha pili kina mlango, kina kufuli, na ufunguo anao baba mwenye nyumba. Ni kisafi kwa sababu hakijawahi kumwona mtu. Akija mgeni mwenye daftari tunakifungua, anaandika "kipo", tunakifunga. Sisi tunarudi kichakani, ambako nzi ametusubiri kwa subira ya mtumishi wa kweli.

Msimu wa korosho ndio hunithibitishia kwamba huyu ni mwenzetu. Kuanzia Oktoba mabibo yanaanguka na kuvundia chini ya miti. Sisi tunayakamua tupate uraka, pombe yetu, naye anasimamia kazi bila kudai kikombe. Ukipita mnada wa korosho wa chama cha ushirika cha RUNALI na fedha zikaingia, mwenye nyumba ya makuti ananunua bati, mwenye bati ananunua pikipiki, mwenye pikipiki ananunua spika. Choo kinaambiwa kisubiri msimu ujao, na msimu ujao una mambo yake. Wahenga walisema nzi kufia kidondani si haramu. Wa kwetu hana haja ya kufa. Kidonda tunakitunza, tunakifungua kila asubuhi.

Haki inanidai nitaje udhaifu wake mmoja: anapenda mwanga. Miaka ya 1970, Zimbabwe ikiwa bado inaitwa Rhodesia, watafiti waliutumia udhaifu huo dhidi yake. Walijenga choo chenye giza ndani na bomba refu la hewa, juu ya bomba wakafunga wavu. Nzi akizaliwa shimoni hufuata mwanga wa bomba, akagonga wavu, akafia hapohapo. Asiye na uwezo wa bomba huweza kumtesa kwa vitu vya aibu zaidi: mfuniko wa mbao wenye mpini, majivu ya jikoni, kibuyu chirizi na kipande cha sabuni. Hakuna hata kimoja kinachohitaji zabuni.

Hapo ndipo nzi anapotofautiana na watumishi wengine wote. Wao uhamisho wao huandikwa Dodoma, na kumhamisha mmoja asiyefaa huchukua vikao na miaka. Barua ya uhamisho wa nzi huandikwa na mwenye choo, siku moja, bila muhuri. Kama miaka yote hii hajahama Chiola, ni kwa sababu hakuna aliyeiandika. Ndiyo maana nasema cheti apewe yeye, na bahasha tugawane sisi tuliomlea.

Nami msinifikirie vibaya. Mfuniko ninao, wa mbao, wenye mpini, niliuchonga kwa mkono wangu mwaka ule bwana afya alipotangaza faini. Unafunika vizuri sana, haupitishi hata unyasi. Upo juu ya pipa langu la uraka.