Viatu vya Baba Mkwe

Baba mkwe ana Kiingereza chake. Alikipata ujanani kanisani, huko Muheza, katika ile Biblia ya Mfalme James iliyotoka London mwaka 1611, na tangu hapo hajaona sababu ya kutafuta kingine. Basi Neema wa darasa la sita alipoleta sentensi za kukanusha, babu yake alivaa miwani, akachukua kalamu na kuzimaliza zote kabla ugali haujaiva. “She bought bread” ikawa “She bought not bread”. “They went” ikawa “They went not”.

Daftari lilirudi limejaa X nyekundu.

Haki ya Mungu, mzee hakubuni. Watu wa 1611 waliandika hivyo: “knew not”, “went not”. Shakespeare alitumia njia zote mbili, hiyo na ya “did not”, na hakuna aliyemuuliza. Baadaye “did not” ikashinda. Siku hizi “did” ndiyo inayobeba wakati uliopita, na kitenzi kikuu kinarudi kilivyozaliwa: “did not buy”, si “did not bought”. Sisi nasi hatubebeshi mara mbili: “aliondoka”, “hakuondoka”. Imetoka “li”, imeingia “ku”, basi. Anayeandika “did not went” ni sawa na anayesema “hakuliondoka”.

Yote hayo niliyajua usiku ule, lakini mkwe hasahihishwi mezani, tena ana Biblia mapajani. Nikaguna, nikamega tonge. Mama Neema, bintiye wa kumzaa, naye akamega lake. Mzee akatangaza kwamba kesho anakwenda kumwona huyo mwalimu.

Usiku Mama Neema akachukua viatu vya baba yake, vile vyeusi vya kanisani, akavitia ndani ya kinu na kufunika ungo juu. Alidhani mzee hatoki bila viatu. Alfajiri mzee alipekua nyumba nzima, kisha akavaa kandambili zangu, moja ya bluu na moja ya kijani, visigino vikining'inia nje, akaondoka na Biblia kwapani.

Alirudi saa saba mchana, ametulia. Mwalimu alimpa shikamoo, akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe, akakiri kwamba mwaka 1611 majibu yale yangepata kumi kwa kumi. Ila mtihani wa darasa la saba unatungwa leo. Mzee aliipenda sana hiyo kumi kwa kumi. Kufika jioni amekuwa mkali wa “did not” kumshinda hata mwalimu. Jirani aliyekuja kuomba chumvi alikanushishwa sentensi tatu ndipo akapewa.

Kisha akatuita sote sebuleni.

“Who hid my shoes?”

“I did not hide them, baba,” nikawahi.

“I did not hid...” akaanza Mama Neema.

“Hide!” mzee akanguruma.

Neema akanyoosha mkono. “Mama hid them, babu. In the kinu.”

“Sahihi kabisa!” alisema mzee kwa furaha, kisha akageuka polepole kumtafuta bintiye, ambaye wakati huo alishafika mlangoni.