Mipaka ya Sabato Milimani Upare

Kanisa la Waadventista Wasabato, lililoundwa rasmi mwaka 1863 mjini Battle Creek, Michigan, na kufikishwa Giti, Upare Kusini, na wamisionari wa Kijerumani mwaka 1903, huihesabu Sabato tangu jua linapozama Ijumaa hadi linapozama Jumamosi. Kulinda mipaka ya Sabato, yaani kuhakikisha kwamba kupika, kufua na kuchota maji kumekwisha kabla ya machweo ya Ijumaa, ambayo huitwa Siku ya Maandalio, kungepaswa kuwa rahisi karibu na ikweta, ambako saa ya machweo haiyumbi kama inavyoyumba Michigan. Ila Upare kuna milima, na katika vijiji vya mteremko wa mashariki jua hujificha nyuma ya kilele mapema, anga likiwa bado jeupe na mpira wa matambara ukiwa bado haujapata mshindi.

Waliokulia katika nyumba zenye msimamo mkali hukumbuka kwamba wazazi walikuwa na vipimo viwili: Ijumaa walifuata mlima, kwa kumcha Mungu, na Jumamosi walifuata kalenda ya machweo iliyobandikwa ukutani, kwa kumcha Mungu vilevile. Sabato ya mtoto ilipita saa 24, na hata watoto walioshindwa hesabu za shuleni waliijua ziada hiyo kwa dakika.

Makande, yaani mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja, yalipikwa Ijumaa, na yalipofunikwa yangali moto na binti aliyekuwa akiwahi nyimbo za kufungua Sabato, yaliamka yamechacha. Kwa kuwa moto haukuwashwa, familia pamoja na mgeni wake ilikula ndizi mbivu, baada ya sala ndefu kuliko mlo wenyewe.

Hata hivyo, ukali huo ulizaa wanasheria. Watoto walioshika mafungu ya kukariri, yaani aya za Biblia zinazokaririwa kila juma katika Shule ya Sabato, walijua kwamba Isaya 58 ilitumiwa kuwakataza kuogelea siku hiyo, lakini pia kwamba Luka 14 humruhusu mtu kumwopoa ng'ombe aliyetumbukia kisimani. Ndiva, ambalo ni bwawa la jadi la kukusanyia maji ya kumwagilia mashamba, lilikuwa limejaa pomoni Jumamosi, maana hakuna aliyethubutu kuyafungulia. Mbuzi hatajwi katika Luka 14, lakini mwanasheria wa miaka tisa hashindwi kulinganisha. Kilichobaki ni kumsaidia mbuzi atumbukie. Tatizo la hoja hiyo, ambayo kimantiki haikuwa na kasoro kubwa, ni kwamba mbuzi alifika ukingoni peke yake na kuendelea kula majani, ilhali mwokozi wake akaanza kuzama, ikabidi mzee wa kanisa ajitose na suti yake, na tai, bila kutaja fungu lolote.