Rubani wa Tabata

Kwa miezi saba nilirusha ndege kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja, na miezi saba yote sikufika. Si mbali. Hazifiki kilomita 80, na Cessna 172 ya kweli huzimaliza chini ya nusu saa. Mimi niliishia Kunduchi, niliishia baharini, usiku mmoja Luku ilikata nikiwa juu ya Mbudya, na kila mke wangu alipopita sebuleni aliuliza swali lile lile: "Baba watoto, umefika?"

Ndege yenyewe imo ndani ya kompyuta. Gemu linaitwa Microsoft Flight Simulator X, la mwaka 2006. Sisi wagonjwa wake tunasema FSX. Nililiona kwanza chuoni, kwenye kompyuta ya jirani yangu wa bweni, tukipokezana zamu kama wacheza bao. Mashine ile ililemewa hata ndege ikawa hairuki, inahama: sasa iko hapa, ukipepesa macho iko pale. Nikaapa kuwa nikipata kazi nitanunua kompyuta ya kulikomesha. Kazi ilipatikana, na kitambi, na mvi mbili tatu. Kiapo kilikuwa bado kinanidai.

Kariakoo, kijana wa dukani aliniita bosi kabla sijafungua mdomo. Mimi nikiitwa bosi hulipa kama bosi. Huo ndio ugonjwa wangu wa pili. Nikamwambia nataka CPU. Huku kwetu CPU ni boksi zima pamoja na vumbi lake, na kile kidude cha ndani chenye haki ya jina hilo hakuna anayekiulizia. Nami sikukiulizia. Akanitolea boksi jembamba jeusi, mtumba wa ofisi uliopitia Dubai, bado lina stika ya namba ya mali. "Hii kori sita, bosi. RAM tunakupa GB 16." Kori sita! Nikaiona ndege yangu imefungwa injini sita. Nilitoa hela huku natabasamu.

Mpwa wangu, anayesomea kompyuta, alikuja Jumapili, akaliangalia kwa huruma. "Mjomba, uliuliza gemu lenyewe linataka nini?"

Lilikuwa linataka kidogo, na hicho kidogo ndicho nisichokinunua. FSX liliundwa wakati watu wanategemea prosesa zizidi kukimbia. Badala yake prosesa zikazaa, kori mbili, nne, sita. Gemu halikupata habari hizo. Kazi nzito karibu zote hutupiwa kori moja. Nyingine husaidia kupakia picha za ardhi, kisha hukaa barazani. Kwa hiyo cha kutazama ni kasi ya kori moja, zile gigahazi, wala si idadi. Na RAM? Gemu ni la biti 32, haliwezi kushika zaidi ya GB 4 hata uliwekee ghala.

"Umempikia babu sufuria zima la pilau," mpwa wangu akasema. "Babu ana sahani yake moja, na anatafuna upande mmoja."

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nilirudi Kariakoo kununua kadi ya grafiki.

Kadi ilikuwa nzuri, sina la kuisingizia. Feni mbili, nzito kama tofali. Nilifika nayo nyumbani saa tatu usiku, nikafungua boksi, nikaiingiza, ikagoma. Nikaigeuza, ikagoma. Nikaisemesha. Boksi jembamba hutaka kadi za nusu kimo. Yangu ilichungulia nje kama twiga aliyepanda bajaji. Nikasema basi, kifuniko kikae pembeni, kwani nani atakuja kukagua? Ndipo nikagundua kwamba kadi inataka waya wake wa umeme wenye pini sita, na pawasapulai yangu haina waya huo wala nguvu za kuulisha. Fundi akanishauri kwa upole ninunue pawa nyingine. Pawa ya kawaida haiingii kwenye boksi lile. Basi na boksi jingine. Na boksi jingine litataka mazabodi nyingine. Hapo nikapiga hesabu, nikakuta ninanunua kompyuta ya pili, kipande kimoja kimoja, kwa bei ya rejareja. Nikaifunga kadi kwenye gazeti, nikaiweka kabatini juu ya mashuka.

Zikabaki modi, yaani nyongeza za kubandika kwenye gemu. Gemu la 2006 litajuaje kuwa Dar ilifungua Terminal 3 mwaka 2019? Nikaona aibu kuruka kutoka mahali pasipofanana na kwetu. Nikashusha kiwanja cha Dar, kiwanja cha Unguja, miinuko, mawingu, na ndege yenye twiga mkiani. Bando la mwezi likaisha siku ya nne; watoto wakakosa katuni, nikawaambia mtandao unasumbua. Kiwanja cha Unguja nilikishusha mara mbili, kila kimoja kwa mtengenezaji wake, nikiamini viwili ni bora kuliko kimoja. Gemu likaviweka vyote, kimoja juu ya kingine: jengo la abiria la hiki katikati ya njia ya kurukia ya kile. Modi ya miinuko nayo ikaamua kuwa kiwanja kiko juu kuliko kisiwa. Kikasimama kama keki ya harusi, kuta wima pande zote.

Hayo niliyaona kwa kuanzia huko huko Unguja, maana kwa kuruka sikufika. Nilikuwa nimevuta vishale vyote vya mipangilio hadi mwisho wa kulia: miti yote, nyumba zote, magari yote. Siku niliyokiona kisiwa kwa mbali, skrini iliganda, ukatokea ujumbe kwamba kompyuta imeishiwa kumbukumbu. GB zangu kumi na kitu zilikuwa tupu saa hiyo hiyo, zinapunga upepo.

Mpwa wangu alifuta modi 31 kati ya 34. Akarudisha vishale katikati, akafunga picha zisizidi fremu 30 kwa sekunde, akaongeza mstari mmoja kwenye faili la fsx.cfg, HIGHMEMFIX=1, unaozuia picha kupotea kumbukumbu inapoelemewa. Dakika kumi, na soda moja.

Jumamosi nikaruka. Hakuna Terminal 3, hakuna twiga, na minazi ni ya kuhesabu. Nikaifuata njia ya 36, nikadunda mara mbili kama chura, nikasimama. Nikapiga ukelele. Mke wangu akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Umefika?"

"Nimefika!"

"Karafuu ziko wapi?"

Kadi ya grafiki bado ipo kabatini, haijawashwa hata siku moja. Anayeihitaji aje, ila apime boksi lake kwanza.