Bei Njoo Inboksi

Hongera, mjasiriamali. Umekataa kulipia tangazo Instagram, na umefanya vyema: mtandao ni bure, ukiondoa bando. Ukaweka picha ya viatu, chini yake ukaandika, "Bei njoo inboksi." Mteja akaja. Ukamjibu baada ya siku mbili: "Niambie, mpendwa." Mpendwa kashanunua Kariakoo, kavaa, na soli imeanza kulika upande.

Hukukata tamaa. Ukahamia kurasa za wasanii. Mmoja kaandika kafiwa na baba yake, nawe kwenye maoni: "Pole sana. Kwa vitenge vya jumla na rejareja, tucheki." Ukaingia kundi la WhatsApp la msiba, mweka hazina akihesabu michango ya jeneza, ukamwaga picha za sufuria. Msimamizi alipokutoa, ukasema ana wivu.

Na status je? Zinafutika baada ya saa 24, na asiyehifadhi namba yako hazioni. Walioziona ni shangazi, mwenye nyumba anayekudai kodi, na mshindani wako aliyekuja kuiba picha ulizoziiba nawe Dubai.

Tangazo la bure lipo, wala halihitaji mganga: picha ya mzigo ulio dukani kwako, bei, mtaa ulipo, simu inayopokelewa, na mteja aliyeridhika unayemwomba amlete mwenzake. Vyote hivyo havilipiwi hata senti. Kwa hiyo, ndugu yangu, kabla hujalaumu mtandao kwamba unakuficha, andika bei.