Nimempata Baba wa Kaloleni

Letchworth, Hertfordshire

Kwa Mama, Baba Mdogo na wote wa Kalo,

Baridi ya huku nimeizoea, yaani nimeacha kuilalamikia kwa sauti.

Baba Mdogo, uliniuliza kwenye simu kazi yangu hasa ni ipi. Natunza wazee. Asubuhi nawaogesha na kuwapa dawa, na jioni chai ikishamiminwa ndipo kazi yenyewe inapoanza: kusikiliza. Wazee wa Letchworth wakishika habari za utoto wao, huwatoi hapo hata kwa winchi. Kuna bibi anayemkumbuka mamake akirudi kutoka kiwanda cha Spirella, kilichotengeneza yale mavazi ya kubana kiuno ambayo wanawake wa zamani walivaa mpaka pumzi ikawaishia. Jengo lilikuwa la fahari hadi watu wakalibatiza kasri. Kuna mzee naye anayesimulia walivyokuwa wakitoboa mbegu kubwa ya mti, wanaitunga kamba, kisha wanagonganisha hadi moja ipasuke. Nikamwambia sisi tulicheza bano, yaani gololi. Akataka kujua kama mchezo huo ulikuwa na sheria. Nikamjibu ndiyo, sheria ilikuwa yule kijana mkubwa kuliko wote.

Mwingine akasema enzi zao chupa za maziwa ziliachwa mlangoni alfajiri na hakuna aliyezigusa. Hapo nilinyamaza kulinda heshima ya mtaa. Nikawapa habari ya maziwa ya Nyayo badala yake: kuanzia mwaka wa 1979 serikali ya Moi iliyagawa bure shuleni, kwenye pakiti za pembetatu, na hakuna mtoto wa Eastlands aliyekosa kuikanyaga pakiti tupu kwa kisigino ili ipasuke na mwalimu aruke.

Sasa ketini vizuri. Baba Mdogo, siku zote ulituambia mtaa wetu wa Kaloleni, Nairobi, ulijengwa na mateka wa Kiitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Sawa, mikono iwe ya Waitaliano, lakini kichwa kilitoka huku. Palikuwa na karani wa London, Ebenezer Howard, aliyekula jasho lake kwa kunukuu hotuba za wabunge. Nadhani zile hotuba zilimchosha, kwa sababu mwaka wa 1898 alitoa kitabu akipendekeza watu wahame moshi wa jiji, wajengewe miji yenye bustani, barabara za mviringo na majengo ya umma katikati. Mwaka wa 1903 wakaanza na huu mji ninaoishi. Wazo likapanda meli, na miaka ya 1940 likatua kando ya Jogoo Road, enzi hizo ikiitwa Doonholm Road: nyumba za chini zilizopangwa kwa duara, miti, viwanja vya watoto, na ukumbi katikati. Howard alifariki mwaka wa 1928, kwa hiyo hakuona mjukuu wake wa Nairobi. Wala hakusikia kwamba kwenye ule ukumbi wetu wa Kaloleni, mwanasiasa Tom Mboya na wenzake walinguruma mpaka watu wakauita bunge.

Ila mzee huyu hakutugawia urithi sawa na ndugu zetu wa huku. Wao wanajivunia raundabauti ya kwanza ya Uingereza nzima, ya mwaka wa 1909 hivi, na wameiwekea kibao. Nilipelekwa kuiona. Mimi, niliyelelewa na raundabauti ya City Stadium, ambako matatu hupita kulia, kushoto na juu ya ukingo, nilisimama pale nikitafuta makanga. Lilipita gari moja. Dereva akanipungia mkono.

Na pombe! Waanzilishi wa Letchworth hawakutaka baa mjini mwao. Mwaka wa 1907 walifungua kilabu kilichoitwa Skittles Inn, mwenye kiu asipate humo ila chai, kakao na mengine ya kanisani. Wazee wanakumbuka baba zao wakivuka mpaka wa mji kwenda kutafuta bia. Kule Nairobi, Waingereza haohao waliwakataza mama zetu kupika busaa, kisha baraza la mji likapika pombe yake, likaiuza Pumwani, na faida ikaingia kwenye mfuko wa huduma za Waafrika. Niliposimulia hayo mezani, bibi wa Spirella aliweka kikombe chini akasema hilo hawakufundishwa shuleni.

Kitu kimoja tu kinanitia wivu. Hapa huwezi kubadilisha dirisha wala kung'oa ua wa miti bila idhini, na bibi akikumbuka mlango wa nyanyake ulikuwa wa rangi gani, yupo mtu wa kuandika. Kwetu Nairobi, nyumba za zamani za mtaa wa Pangani zilibomolewa mwaka wa 2020, ghorofa zikapanda. Sipingi ghorofa, watu wanahitaji pa kulala. Lakini nani aliandika ni nani alikaa nyumba ipi, timu ipi ya mtaa ilimfunga nani, na shangazi yupi aliuza mandazi kwa mkopo akakumbuka kila deni bila daftari?

Kwa hiyo, Baba Mdogo, nakupa kazi. Waite wazee pale ukumbini Jumapili baada ya ibada, kabla mechi haijaanza. Simu ya kurekodi anayo mtoto wa jirani. Hela ya chai na mkate nimetuma kwa M-Pesa, nawe usiseme haitoshi kabla hujahesabu. Anza na wale wakorofi, ndio wanaokumbuka vizuri.

Wenu wa majuu,
Kijana wa Kalo

N.B. Mama, kile chumba cha mabati ulichoongeza nyuma ya jikoni, nimewaonyesha wazee picha yake. Mmoja aliuliza ni nani aliyekupa kibali. Nikamwambia diwani mwenyewe alikuja kukifungua, akala kuku mzima.