Mvuvi wa Jukwaani

Mwanafunzi wa maigizo akipewa nafasi ya mvuvi, siku ya kwanza ya mazoezi huja na kofia ya ukili iliyochanika, sauti ya kukwaruza na Kiswahili kilichovunjika ambacho hakuna mvuvi wa Mkokotoni, Unguja, aliyewahi kukisema. Eti huko ndiko kumjenga mhusika! Bibi kizee naye, bila shaka, ni mkongojo na kikohozi. Wanafunzi hawa wangeshuka dikoni Mkokotoni vyombo vikirudi, wangemwona mwenye samaki amenyamaza wakati dalali ananadi, jicho lake li kwenye uso wa mnunuzi, wala haliangalii samaki. Wangesikia pia Kitumbatu cha abiria wa boti ya Tumbatu, lahaja iliyokamilika kwa sarufi yake. Pale pana mhusika mzima, tena bila kiingilio.

Watajibu kwamba sanaa si kunakili maisha. Kweli kabisa, na shahidi wao ni Ebrahim Hussein, aliyetanguliza wazi kwamba Kinjeketile wa tamthilia yake ya mwaka 1969 ni kiumbe cha ubunifu, si yule wa historia. Lakini Hussein alivijua Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, alikotoka Kinjeketile huyo wa historia, kabla ya kuvigeuza. Wanafunzi hawa wanageuza wasichowahi kukitazama. Wengine watalia nauli, ilhali pesa ya kununulia kofia mbovu ilipatikana. Mfalme Juha wa tamthilia ya Farouk Topan ana haki ya kupayuka, juha ni juha. Mvuvi kakosa nini? Walimu, tafadhalini, msiupe mkongojo alama.